Shindano la mpanda milima bora kwenye mbio zenu za baiskeli: mwongozo kamili kwa vilabu vya Dar

Klabu inatangaza mbio za siku tatu, inachapisha jezi ya mfalme wa milima, halafu jioni ya mwisho watu wawili wanaidai jezi ileile na hakuna karatasi ya kuamua. Ukifuatilia ugomvi huo unakuta chanzo ni kilekile: kanuni ziliandikwa mbio zikiwa zimeshaanza, na kule kileleni alisimama mtu mmoja tu mwenye kalamu.

Shindano lenyewe ni hivi: wanaotangulia kuvuka kilele cha kila mlima wanapata pointi, na mwenye pointi nyingi mwishoni anatwaa jezi hiyo. Mwongozo huu ni wa mbio ndogo: waendeshaji 30 hadi 60, hatua tatu (kila siku hatua moja), milima mitano hivi. Mfano wetu ni klabu ya Dar inayoanzia upande wa Pugu na Kisarawe, kisha inahamia Mombo kwa basi kwa ajili ya hatua ya mwisho ya kupanda Usambara.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya wiki ya mbio

- Kompyuta ya baiskeli au saa inayopima mwinuko kwa mgandamizo wa hewa (kipimo cha hewa). GPS ya simu peke yake haitoshi. Sababu iko hatua ya 2 ya mwongozo huu.
- Simu mbili zenye kamera ya fremu 120 kwa sekunde, stendi mbili na power bank.
- Chokaa ya unga kilo 5 kwa kila mlima, ndoo, brashi pana na kamba ya mita 10.
- Vibao vinne kwa kila mlima: "km 1", "m 500", "m 200" na "KILELE".
- Fomu za kilele zilizochapishwa, ubao mgumu wa kuandikia, na kalamu za risasi. Kalamu ya wino inagoma karatasi ikilowa.
- Kaunta buku moja ya jumla, hata kama mna Excel.
- Namba za mgongoni mbili kwa kila mwendeshaji, pini nne kwa kila namba, na kibao kidogo cha namba cha kufunga chini ya kiti cha baiskeli.
- Filimbi, bendera, makoti ya kuakisi mwanga na redio za mawasiliano. Mlimani mtandao wa simu haueleweki.
- Watu watatu kwa kila timu ya kilele, timu mbili. Posho zao ziwe kwenye bajeti, la sivyo siku ya tatu mtawasaka.

## Hatua ya 1: Chagueni milima kwa kuiendea

Dar ni tambarare, kwa hiyo kishawishi cha kwanza ni kuita kila kipando mlima. Daraja la Kijazi pale Ubungo si mlima, hata kama mapaja yanasema vingine saa nane mchana.

Mlima wa kutoa pointi uwe na sifa tatu. Uwe na urefu wa kutosha kundi lichanike, angalau kilomita moja na nusu. Uwe na kilele kinachoonekana, ambapo mtu anajua pasipo kuuliza kwamba amemaliza kupanda. Na uwe na sehemu salama baada ya mstari, kwa sababu watu watakimbizana mpaka mstarini halafu watainamisha vichwa kutafuta pumzi.

Barabara ya Nyerere ukiifuata kupita Gongo la Mboto inakufikisha Pugu, kisha Kisarawe, na huko ndiko vilima vya karibu kuliko vyote kwa watu wa Dar. Vinafaa kwa daraja la chini la ugumu (madaraja yako hatua ya 3). Kitonga, njia ya Iringa, ni mlima wa kweli, ila achaneni nao: barabara ni finyu, malori yanapanda kwa mwendo wa kinyonga, na yanayoshuka breki zinanuka. Usafi wa mashindano hauwezi kulindwa pale, wala usalama.

Mmefanikiwa kama: kila mlima uliopo kwenye ratiba umepandwa kwa baiskeli na mtu wa kamati, akarudi na picha ya kilele na ya mita 200 za kwanza za mteremko.

## Hatua ya 2: Pimeni urefu na mwinuko

Hesabu ya ukali wa mlima ni ndogo. Toa mwinuko wa chini kwenye mwinuko wa juu, gawanya kwa urefu wa barabara, zidisha kwa 100.

Mfano: chini mita 62, juu mita 158, urefu kilomita 2.4. Mmepanda mita 96. Gawanya kwa 2,400, zidisha kwa 100: asilimia 4.0.

Wengi wanakosea kabla ya kufika kwenye hesabu. Mnaanzia wapi kupima? Mlima huohuo ukiuanzia kilomita 1.2 nyuma, kwenye barabara inayopanda mita 6 tu, unapata mita 102 kwa kilomita 3.6, yaani asilimia 2.8. Mlima haujabadilika hata jiwe moja, lakini karatasi inasema ni mrefu zaidi na mlaini zaidi. Anzieni pale mwendeshaji anapolazimika kubadili gia, na alama hiyo ya mwanzo muiandike kwa kitu kisichohama: kalvati, nguzo ya kilomita, njiapanda.

Kuhusu vipimo, mambo mawili:

GPS ya simu inayumba kwa mwinuko. Kosa la mita kumi au zaidi ni la kawaida, na kwenye kilima cha mita 90 hilo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kipimo cha hewa ni bora zaidi kwa tofauti ya juu na chini, ila kinahama hali ya hewa ikibadilika. Pimeni kwa kupanda na kushuka ndani ya saa moja, mara mbili, mchukue wastani.

Ramani za mtandaoni hudanganya kwenye barabara zilizochongwa ubavuni mwa mlima. Data nyingi za mwinuko zimegawanywa kwenye vyumba vya mita 30 hivi, kwa hiyo programu inaweza kusoma ukuta wa juu ya barabara badala ya lami. Mkiona asilimia 25 ghafla kwa mita 40, hiyo ni ramani inaota.

Mmefanikiwa kama: watu wawili waliopima kwa siku tofauti wamepishana chini ya mita 5 za mwinuko.

## Hatua ya 3: Upeni kila mlima daraja

Tour de France ina madaraja matano: la nne ndilo jepesi, kisha la tatu, la pili, la kwanza, na juu kabisa kuna milima iliyo nje ya madaraja, inayoandikwa HC. Waandaaji ndio wanaoamua, wakiangalia urefu, ukali na mahali mlima ulipo kwenye hatua. Hakuna kanuni moja ya hesabu inayowafunga.

Vilabu vingi vinachukua kanuni ya Strava, programu ya simu ya kurekodi safari za baiskeli: zidisha urefu wa mlima (kwa mita) na wastani wa ukali wake (kwa asilimia). Jibu likizidi 8,000 ni daraja la nne, 16,000 la tatu, 32,000 la pili, 64,000 la kwanza, 80,000 ni HC, na wastani usipungue asilimia 3.

Ichungulieni hesabu hiyo vizuri. Urefu ukizidishwa na asilimia unaufuta urefu wenyewe, na kinachobaki ni mita mlizopanda mara 100. Yaani 8,000 maana yake ni mita 80 za kupanda, na 64,000 ni mita 640. Ukishavuka ile asilimia 3, kanuni haijali tena kama mlima ni mkali au umelala. Kilomita 8 za asilimia 4 na kilomita 4 za asilimia 8 zinapata daraja moja, wakati kila mtu aliyewahi kukaa juu ya baiskeli anajua hizo ni kazi mbili tofauti.

Chukueni Mombo hadi Lushoto. Ni kilomita zaidi ya 30 na takriban mita elfu moja za kupanda, wastani wa karibu asilimia 3. Kwa kanuni hiyo, kipimo kikiyumba kidogo tu mlima unaruka kutoka HC hadi kutohesabika kabisa. Dawa ni kuukata. Kipande kikali ni Mombo hadi Soni, kona baada ya kona. Wekeni mstari wa kilele Soni, na kutoka hapo hadi Lushoto iwe mbio ya kawaida ya kumaliza hatua.

Baada ya hesabu, rekebisheni kwa akili. Mlima ulio kilomita 5 kabla ya kumaliza pandisheni daraja moja, kwa kuwa utapandwa kwa nguvu zote. Ulio kilomita 10 baada ya kuanza ushusheni, kwa kuwa kundi litaupita likiwa bado linapiga soga.

## Hatua ya 4: Andikeni jedwali la pointi

Hapa ndipo kunakili kunapowaumiza watu. Tour de France inatoa pointi hivi:

- HC: 20, 15, 12, 10, 8, 6, 4, 2
- Daraja la kwanza: 10, 8, 6, 4, 2, 1
- Daraja la pili: 5, 3, 2, 1
- Daraja la tatu: 2, 1
- Daraja la nne: 1, kwa wa kwanza tu

Jedwali hilo limetengenezwa kwa hatua 21 na makumi ya milima. Litieni kwenye mbio zetu za mfano: siku ya kwanza vilima viwili vya daraja la nne, siku ya pili kimoja cha tatu na kimoja cha nne, siku ya tatu mlima mmoja wa daraja la kwanza. Pointi za juu kabisa ambazo mtu mmoja anaweza kuzipata ni 1 + 1 + 2 + 1 + 10, jumla 15. Kumi kati ya hizo ziko siku ya mwisho. Nani atahangaika kuchomoka kwenye kundi Jumamosi asubuhi kwa ajili ya pointi moja?

Kwa mbio za siku tatu tunapendekeza hili:

- Daraja la nne: 3, 2, 1
- Daraja la tatu: 5, 3, 2, 1
- Daraja la pili: 8, 6, 4, 2, 1
- Daraja la kwanza: 12, 9, 7, 5, 3, 1

Sasa jumla ya juu ni 3 + 3 + 5 + 3 + 12, sawa na 26, na mlima mkubwa una 12 kati yake. Kipimo cha kushika: mlima mmoja usibebe zaidi ya nusu ya pointi ambazo mtu mmoja anaweza kuzoa. Ukizidi nusu, siku zilizotangulia ni mapambo.

Mjue pia kwamba jezi hii haimfuati lazima mpandaji mwenye nguvu kuliko wote. Inamfuata anayezitaka pointi na kuchomoka mapema kuzifuata. Hilo ndilo linaloipa ladha, hivyo msijaribu kulirekebisha.

## Hatua ya 5: Malizeni kanuni kwa maandishi kabla ya kutoa namba

Ukurasa mmoja unatosha. Usikose haya:

Sare. Fuateni utaratibu wa UCI, shirikisho la baiskeli la kimataifa: anashinda aliyeshika nafasi ya kwanza mara nyingi zaidi kwenye milima ya daraja la juu kabisa, ikiwa bado sare, daraja linalofuata, na kuendelea kushuka, mwisho kabisa msimamo wa jumla wa muda.

Mfano. Namba 14 alishinda vilima vyote viwili vya siku ya kwanza (3 + 3), akawa wa pili kwenye vyote vya siku ya pili (3 + 2), kisha wa sita mlima mkubwa (1). Jumla 12. Namba 27 hakupata chochote mpaka siku ya tatu, akafika Soni wa kwanza: 12. Jezi ni ya namba 27. Mashabiki wa namba 14 watapiga kelele, na ndiyo maana kanuni hii isomwe kwa sauti kwenye kikao cha waendeshaji kabla ya mbio.

Kumaliza. Asiyemaliza hatua zote ndani ya muda uliowekwa hapati jezi ya mwisho, hata awe na pointi kiasi gani.

Jezi mbili kwa mtu mmoja. Anayeongoza mbio kwa jumla ya muda akiongoza na milima pia, anavaa jezi ya msimamo wa jumla, na jezi ya milima inavaliwa na wa pili wa milima. Kuivaa hakumpi pointi. Msimamo unabaki kama ulivyo.

Hatua inayoishia kileleni. Matokeo ya mstari wa kumaliza ndiyo matokeo ya mlima. Msiweke mistari miwili.

Mbio zikisimamishwa. Trafiki akisimamisha kundi kabla ya kilele na mbio zikaanza upya juu, pointi za mlima huo zinafutwa kwa wote.

## Hatua ya 6: Vibali

Barabara kuu ni za TANROADS, za mitaa na vijijini ni za TARURA, na kusimamisha magari ni kazi ya trafiki peke yao. Ukifika Kisarawe umeshaingia Mkoa wa Pwani, kwa hiyo barua ya Dar pekee haitoshi. Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, kipewe taarifa mapema. Kwenye barua wekeni saa mtakayopita kila kilele, maana hilo ndilo trafiki atakalouliza.

## Hatua ya 7: Chora mstari

Mstari uwe juu kabisa ya mpando, mahali barabara imenyooka, na angalau mita 50 kabla mteremko haujaanza. Msiuweke kwenye kona: mtu wa ndani na mtu wa nje hawawezi kutenganishwa na kamera.

Vutieni kamba kutoka ukingo hadi ukingo, pembe mraba na barabara. Changanyeni chokaa na maji hadi iwe nzito kama uji wa lishe, pakeni upana wa sentimita 30 kwenye lami kavu. Nyepesi ikitiririka inaacha kingo za mawimbi na hakuna anayejua mstari unaanzia wapi. Rangi ya mafuta msitumie bila ruhusa. Inateleza ikilowa na haifutiki. Masika au vuli bebeni chokaa ya ziada, mpake upya saa moja kabla kundi halijafika.

Vibao vya mita 500 na 200 vipimwe kwa gurudumu au kamba, si kwa kukadiria. Kibao kikikosea mita 60, anayejua kupanga nguvu zake anaadhibiwa kwa kosa lenu.

## Hatua ya 8: Rekodini waliovuka

Kazi zote zilizotangulia zinaweza kuharibikia hapa ndani ya sekunde nne.

Timu ni watu watatu. Mwitaji anasimama usawa wa mstari na kutaja namba tu kwa sauti kubwa, bila majina: "Kumi na nne. Ishirini na saba. Tatu." Mwandishi anaandika anachosikia na haangalii barabara hata mara moja. Akiinua kichwa kushangilia, namba mbili zimepotea. Mpiga video anaiweka simu kwenye stendi, upande wa pili wa barabara, ikikatiza mstari moja kwa moja. Aanze kurekodi wanapopita kibao cha mita 200 na asiguse simu tena.

Anayehesabika ni yule ambaye tairi yake ya mbele imefika kwanza kwenye ukingo wa mstari. Kichwa, mkono au usukani havihesabiki.

Kwa nini fremu 120? Kwenye mpando wa kilomita 18 kwa saa, baiskeli inakwenda mita 5 kwa sekunde. Kwa fremu 30, kati ya picha moja na nyingine tairi imesogea sentimita 17. Kilele kikiwa kimelala na mwendo ukafika 36, pengo linakuwa sentimita 33, nusu ya gurudumu kabisa. Kwa fremu 120 linashuka hadi sentimita 8 kwa mwendo huohuo.

Rekodini nafasi za pointi na tatu zaidi. Mmoja akija kuadhibiwa kwa kushika gari au kujibana nyuma ya bodaboda, wa chini yake wanapanda ngazi, na lazima mjue ni nani.

Vinavyoharibika mara nyingi:

- *Namba imejikunja.* Mtu akipanda amesimama, jezi inajikusanya kiunoni. Pini nne zinasaidia; kibao cha chini ya kiti kinaokoa.
- *Koti la mvua limefunika namba.* Kibao tena.
- *Mashabiki mbele ya kamera.* Utepe mita 10 kila upande wa mstari, na mtu wa kuulinda.
- *Timu imechelewa kufika kilele kinachofuata.* Kwenye barabara finyu hampiti kundi linaloshuka kwa kilomita 60 kwa saa, na msijaribu kwa bodaboda. Timu A ishike kilele cha kwanza na cha tatu, timu B cha pili na cha nne.

Mmefanikiwa kama: dakika tano baada ya wa mwisho kupita, karatasi ya mwandishi na video zinakubaliana, na watatu wote wametia saini fomu.

## Hatua ya 9: Jumlisheni na mtangaze

Pigeni picha fomu na kuituma kwa mtunza hesabu mkipata mtandao tu. Karatasi halisi isafiri na kiongozi wa timu. Mtunza hesabu ajaze kaunta buku kwanza, Excel baadaye. Jumla zikitofautiana, kosa karibu kila mara ni namba zinazofanana, kama 16 na 61, au mlima mmoja ulioingizwa mara mbili.

Bandikeni msimamo ukiwa na saa ya kubandikwa, na toeni dakika 30 za malalamiko kabla ya kutoa jezi. Lalamiko lije kwa maandishi, likitaja mlima na nafasi. "Mmenionea" si lalamiko.

Kuhusu jezi yenyewe: si lazima iwe nyeupe yenye madoa mekundu kama ya Tour. Ile ya mbio za Italia ni ya bluu, ya mbio za Hispania ni nyeupe yenye madoa ya bluu. Chagueni rangi isiyo ya timu yoyote mliyoialika. Kwa mafundi wa Kariakoo agizeni wiki mbili kabla, saizi M na L, na moja ya jukwaani yenye zipu mgongoni ili mshindi aivae juu ya jezi yake bila kuhangaika mbele ya kamera.

Siku ya mwisho fanyeni hesabu upya kutoka kwenye fomu halisi, mlima wa kwanza hadi wa tano, na aliyejumlisha siku zote asiwe yeye anayehakiki. Fomu, kaunta buku na video mkabidhi katibu wa klabu, na zisifutwe mpaka zawadi zote ziwe zimelipwa.